Sentensi ya Kiwanja Kwenye Mkataba wa Mchezo

Rehema ndiye aliyenilazimisha kuandika haya. Wiki niliyokuwa nakabidhi funguo za kabati la mikataba alisimama mlangoni, mikono kiunoni, akasema, "Mama Kulwa, hayo yaliyo kichwani mwako ukiondoka nayo tutakufuata nyumbani na daftari." Nikamwambia nyumbani nitakuwa namwagilia mchicha. Akasema utamwagiliwa huku unaongea. Basi nimeona afadhali niandike, mchicha upate amani.

Sitawaeleza nililipwa nini wala niliitwa nani. Cheo changu cha mwisho kilikuwa na maneno manne na hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kukitumia. Mlikuwa mnasema "muulize Mama Kulwa", kazi inakwenda. Nitakayoeleza ni kosa nililolifanya, kwa sababu na ninyi mnatengeneza michezo ya simu kwa ajili ya wateja na siku moja mtakutana nalo, pamoja na watu walionibeba nilipolifanya.

Kazi niliianzia Mabatini, kwenye steshenari ya Mzee Abdalla. Ukoo wake ulikuwa unauza wino na madaftari hapa mjini tangu enzi za babu yake, na yeye alikuwa mtu wa kanzu safi na ulimi mkali. Siku ya kwanza alinikalisha mbele ya mashine ya taipu ambayo herufi ya "a" ilikuwa inakaa juu ya wenzake. Nikamwambia mashine mbovu. Akanijibu, "Mashine nzima. Wewe ndiye mgeni." Nilikaa naye miaka kumi na tisa na ile "a" haikushuka.

Alinifundisha kusoma karatasi kwa kidole. Kabla ya kumpa mteja, unaweka kidole chini ya mstari na unakwenda nacho neno kwa neno. "Jicho linaruka," alikuwa akisema, "kidole hakiruki." Nikijifanya nimemaliza haraka, anaichukua ile karatasi, anatafuta kosa, na analipata. Nilimchukia mwaka mzima. Leo nikisali, jina lake halikosi.

Kazi yetu kubwa ilikuwa hati za kuuziana viwanja. Mji ulikuwa unapanda milima na kushuka upande wa pili, Buswelu mashamba ya mihogo yanageuka viwanja, na kila wiki wanakuja watu wanne watano, muuzaji, mnunuzi, mashahidi, wote wanaongea kwa pamoja. Hati zile zote zilikuwa na sentensi moja isiyokosekana: "Eneo hili halina deni wala mgogoro, na mnunuzi hatabughudhiwa na mtu yeyote." Hiyo ndiyo iliyokuwa inawafanya watu watoe hela mfukoni. Nimeiandika mara nyingi kiasi kwamba mwisho vidole vilikuwa vinaiandika vyenyewe, mimi nawaza mboga ya jioni.

Sospeter alikuwa mteja wetu wa fotokopi. Kijana mwembamba, mpole, anashukuru hata akirudishiwa chenji yake mwenyewe. Mzee Abdalla alipofariki na watoto wake wakafunga duka, Sospeter alinifuata. Alikuwa amefungua studio ya kutengeneza michezo ya simu huku Ilemela, vyumba viwili juu ya duka la dawa. "Mama," akaniambia, "sisi tunajua kutengeneza, hatujui kuandikishana." Nikamuuliza michezo gani, ya bao? Akacheka mpaka akaketi.

Siku ya kwanza niliingia nikakuta binti ameikodolea macho kompyuta, na ndani ya kompyuta mwanamke analima bila kichwa. Analima kweli, jembe linapanda na kushuka, kichwa hakuna. Yule binti ndiye Rehema, aliyekuwa anaandika programu zetu. Akageuka akasema, "Shikamoo mama, kichwa kinakuja mchana." Nikaitikia marahaba, nikatafuta pa kuweka mkoba.

Ni Rehema aliyenieleza injini ya mchezo ni nini. Ni programu kubwa ambayo watu wa nje wameshaitengeneza, na inajua tayari jinsi kitu kinavyoanguka, kivuli kinakaa wapi, sauti inatoka vipi. Sisi tunaweka mchezo wetu juu yake. Nikauliza, "Na hao wenye injini wanatupa bure?"

"Bure, mama, mpaka mchezo uanze kuleta hela nzuri."

Nilisikia "bure" nikaridhika. Ile "mpaka" niliiacha palepale hewani, na sikumuuliza inaishia wapi.

Mteja wetu mkubwa wa kwanza alikuwa Mzee Maganga wa Buswelu, mfugaji, mwenye mashine za kukoboa mpunga. Alikuwa na wajukuu Dar es Salaam ambao, kwa maneno yake, hawawezi kutofautisha jembe na kijiko. Akataka mchezo wa bugobogobo, ile ngoma yetu Wasukuma ya kulima kwa mdundo: ngoma inapigwa, wewe unagusa simu kwa mapigo, ukipatia shamba linalimika, ukikosea mstari mzima wa wakulima unakucheka. Mchezo wenyewe ni bure, ila ukitaka jembe la urembo au vazi la manyoya, unanunua. Wenye studio walifanya kazi ile kwa mapenzi. Rehema alirekodi ngoma huko Kisesa akarudi na vumbi mpaka masikioni.

Mkataba niliuandika mimi. Kazi ni ya Mzee Maganga, ataiweka mwenyewe kwenye duka la simu, lile la mtandaoni watu wanakopakua michezo, mapato yote yake, sisi tunalipwa ya kutengeneza basi. Nilipofika mwisho wa ukurasa wa pili, vidole vikajiendea: "Mchezo huu hauna deni wala mgogoro, na mnunuzi hatabughudhiwa na mtu yeyote. Likitokea dai lolote, muuzaji atalibeba." Niliona umekaa vizuri. Sikupitisha kidole. Sospeter alisaini, Mzee Maganga akasaini, tukanywa soda.

Mchezo ulipendwa. Jamani, ulipendwa! Wasukuma wako kila mahali, na kila mmoja alitaka jembe. Tulikuwa tunafurahi ofisini kila ikisomwa idadi ya wachezaji, mimi nikiwa wa kwanza kupiga vigelegele.

Kisha ikaja barua pepe ya wenye injini. Ilikuja kwetu, kwa sababu leseni tulikuwa tumeikubali kwa jina la studio. Haikuwa na ukali wowote. Ilisema mchezo umeshapita kiwango chao cha mapato, tafadhali wapeni taarifa ya kila miezi mitatu na mrabaha wao, shilingi tano katika kila mia. Sospeter akaituma kwa Mzee Maganga na maneno ya heshima kwamba mzee, hili ni lako, maana mapato yanaingia kwako. Haikupita saa moja Mzee akajibu kwa picha. Alikuwa ameupiga picha mkataba wetu, ukurasa wa pili, na sentensi moja imepigiwa mstari kwa kalamu nyekundu.

Niliitambua kabla sijaisoma.

Nataka mwelewe ilikuwa na maana gani. Kwa sentensi ile, mrabaha wa mchezo ule ulikuwa wetu kuulipa maisha yake yote, wakati hatupokei hata senti ya mauzo. Mchezo ukizidi kupendwa, sisi tunazidi kuzama. Tukikataa kulipa, wenye injini wana haki ya kutunyang'anya leseni, na juu ya leseni hiyo zilikuwa zimekaa kazi za wateja wengine wote. Watu watano tulikuwa tunakula kwenye vyumba vile viwili. Rehema alikuwa anamsomesha mdogo wake.

Nilikwenda kwa Sospeter nikiwa nimejiandaa kutukanwa. Nikamwambia sentensi ni yangu, nimeitoa kwenye viwanja. Akasema taratibu, "Mama, mimi nilisaini bila kusoma. Ulikuwa umeandika wewe."

Angenitukana ningepona. Nilikwenda chooni nikalia, nikanawa uso, nikarudi nikamwambia, "Mficha uchi hazai. Nakwenda Buswelu mwenyewe." Alitaka kuja. Nikakataa, nikamwambia anipe Rehema tu, wa kunieleza hesabu.

Siku tatu tulikaa na Rehema tukiigeuza leseni ya injini kwa Kiswahili. Nilipitisha kidole kila neno, kwa kuchelewa kweli. Hapo ndipo nilipojua kitu ambacho nawaomba mkikariri. Mchezaji akilipa elfu moja, duka la simu linakata chake kwanza, na mteja wako anapokea kilichobaki. Lakini mwenye injini hahesabu kutoka kwenye kilichobaki. Anahesabu kutoka kwenye elfu moja nzima, iwe mteja wako amepata faida au amepata hasara. Mteja asipoambiwa hilo mapema, siku ya kuambiwa atakuita mwizi, na utakuwa umemfundisha wewe.

Tulimkuta Mzee Maganga zizini asubuhi, anamkagua dume kwato. Nikampa shikamoo, akaitikia, akatukaribisha maziwa mgando. Sikuyagusa. Nikamwambia, "Mzee, nimekuja kwa kosa langu. Sentensi uliyoipigia mstari niliiandika mimi na haikuwa kweli siku niliyoiandika."

"Haikuwa kweli?"

"Mchezo ni wako. Lakini injini iliyo ndani yake si yako na si yetu. Ina mwenyewe, na ana mrabaha wake."

"Mrabaha. Kama wa dhahabu ya Geita?"

"Kama huo. Unakatwa kwenye thamani ya mzigo wote, haungoji faida."

Nikaona anaelewa, nikajiona mjanja, nikaongeza. Nikamwambia ni kama ng'ombe uliyepewa na jirani umtunze: maziwa unakunywa, samadi unatia shambani, lakini akizaa, mwenye ng'ombe ana neno.

Akaweka bakuli chini. Akaacha Kiswahili, akaingia Kisukuma, na kwetu mtu mzima akifanya hivyo katikati ya mazungumzo ujue maneno yanayokuja hayana mto. Akasema, "Ng'ombe wa kutunza, mwenyewe anajulikana siku ya kwanza. Watu wanaitwa, anatajwa, kila mtu anasikia. Wewe ulinikabidhi ng'ombe ukamficha mwenyewe. Kwetu hilo lina jina."

Rehema, ambaye ni Mjita na hakuelewa neno, aliangalia uso wangu akaacha kunywa maziwa.

Mzee akaendelea. "Unajua kwa nini nilisaini? Makaratasi yenu yalikuwa na maneno mengi. Leseni, programu, sijui haki za nini. Sikuyaelewa. Niliielewa sentensi moja tu, hiyo. Niliwahi kuuziwa kiwanja chenye mwenyewe, nikabomolewa nyumba mbele ya watoto wangu. Nilipoiona hiyo sentensi nikasema, hawa ni watu. Na leo unakuja kuifuta."

Hapo machozi yalinitoka, na sikuyaficha. Nilimwambia, "Sentensi ni yako, mzee. Ukisema ibaki, itabaki, na kisheria utashinda. Studio itafungwa, na mchezo hautakuwa na wa kuurekebisha simu zikibadilika. Sikutishi. Nakueleza yote leo kwa sababu siku ile sikukueleza."

Akamgeukia Rehema, akarudi kwenye Kiswahili. "Binti, huyu mama ni wa aina gani huko ofisini?"

Rehema, Mungu ambariki, akasema, "Ni mkali, babu. Na hili tumesahau wote. Mimi nilijua ya injini, nikamwambia nusu, sikumkumbusha wakati anaandika."

Sikuwa nimemwomba aseme hivyo. Hata mimi sikuwa nimefikiria kumgawia lawama. Binti wa miaka ishirini na sita akainyanyua nusu ya mzigo wangu mbele ya mteja, akarudi kwenye bakuli lake la maziwa.

Mzee alimkuna dume nyuma ya sikio. Kisha akasema, "Futa. Lakini mahali pake uandike nyingine ninayoielewa."

Nikaikata ile ya zamani kwenye mkataba, nikaandika palepale chini yake kwa mkono, karatasi juu ya goti. "Mchezo huu ni wa Mzee Maganga. Injini yake ina mwenyewe, si Mzee wala studio. Mchezaji akilipa, mwenye injini ana sehemu yake kwenye mapato yote. Atakayemlipa ni Mzee, kwa kuwa anayepokea ni Mzee. Studio itamletea hesabu kila miezi mitatu na kumsomea." Akataka niisome mara tatu. Ya tatu akamwita mke wake na majirani wawili, wakasikia nao, ndipo akasaini.

"Kuanzia leo nalipa mimi," akasema. "Ya nyuma mtalipa ninyi. Siku zile mlikuwa mmemficha mwenye ng'ombe." Ilikuwa haki, na ilituuma, na tuliilipa kwa taabu. Nilimwomba Sospeter anikate mimi. Akaniambia nisimtanie.

Nitangulie kidogo niwaambie kilichozaliwa na asubuhi ile, kwa sababu ninyi mnakifanya na wengine hamjui kilitoka wapi. Tangu hapo mteja yeyote anasomewa mkataba kwa sauti, kwa lugha anayoielewa, na kabla ya yote anatajiwa wenye vitu: injini ya nani, muziki wa nani, mtindo wa herufi wa nani, na kila mmoja anadai nini, lini, kwa nani. Wateja wengine wanapiga miayo. Waacheni wapige.

Kusoma huko kuliwahi kutuokoa. Kampuni moja kubwa ilitaka mchezo wa kufundisha wafanyakazi wake, na injini ya safari hiyo haikuwa na mrabaha, inalipiwa kwa kila mtu anayeitumia. Sisi tulikuwa tunatumia daraja la watu wadogo, la bure. Nikiwa nasoma masharti kwa sauti, Rehema akasema, "Mama, rudia hapo." Nikarudia: ukifanya kazi ya mteja, kinachopimwa ni ukubwa wa mapato ya mteja, si yako. Yaani sisi wadogo, lakini kwa kazi ile tulikuwa wakubwa. Tukaiweka gharama hiyo kwenye bei kabla ya kusaini. Tungeipuuza, tungejikuta tumevunja leseni bila hata kujua tumeigusa. Masharti haya hubadilika, kwa hiyo msiyasome kwa kumbukumbu zangu. Yasomeni upya kila kazi.

Na Mzee Maganga? Ametuletea kazi mbili nyingine. Miezi mitatu ikitimia, mtu anakwenda kumsomea hesabu, na anapewa maziwa. Msipeleke kwa simu. Nendeni.

Sasa nirudi siku ile, kwa sababu sijawaambia iliishaje.

Tulifika studio saa saba, tuna vumbi, Rehema anacheka kwa uchovu. Mimi moyo ulikuwa bado mzito. Mzee alikuwa amenisamehe kwa namna yake, lakini njia nzima nilikuwa nayasikia maneno ya Sospeter: ulikuwa umeandika wewe. Nilidhani imani ile imekwisha, na kwamba kuanzia sasa nitakuwa mama mmoja mzee anayetunza kabati, makaratasi ya maana yanaandikwa na mwingine. Nilikuwa nimeshaanza kutunga barua ya kuacha kazi.

Sospeter hakuuliza kama Mzee alikasirika. Aliuliza, "Amesaini?" Nikasema amesaini, nikauweka mkataba mezani, nikamfunulia pale pa kusaini yeye, nikaweka kalamu juu, kama nilivyozoea kumfanyia. Akaishika kalamu, kisha akaiweka pembeni. Akavuta kiti. Akaanza juu kabisa, kwenye majina.

Alisoma ukurasa wa kwanza, akarudi nyuma, akausoma tena. Simu yake ikaita, akaizima. Alipofika kwenye mwandiko wangu wa mkono, akauliza, "Hapa umesema mapato yote. Mzee anajua ni kabla ya duka kukata?"

"Nilimweleza."

"Kumweleza ni sawa, mama. Tuiandike." Nikajua kesho ni Buswelu tena. Akaendelea. Akaniuliza neno lingine, nikamjibu, akasema hapana, hilo tuliweke vizuri zaidi, na tukaliweka, vichwa viwili juu ya karatasi moja. Katika miaka yote niliyofanya naye kazi hakuwahi kunikalisha hivyo, na siku ile hakunikalisha kunichunguza, bali kwa sababu nilichokiandika kilikuwa na uzito.

Rehema akachungulia mlangoni. Akaniona nafuta macho kwa upande wa kitenge, akashtuka. "Jamani, Mama Kulwa, ndiyo tumefungwa?"

"Hapana mwanangu," nikamwambia. "Ananisoma."